Mwenzao amefariki wakaambiwa amesafiri, sasa tunawaambiaje ukweli?

Mlezi_TGA

Habari za jioni ndugu zangu. Mie ni mlezi kwenye nyumba moja hapa Tanga mjini, jina la nyumba sitalitaja, wanaishi watu wazima wenye ulemavu wa akili, wanaume na wanawake, kila mmoja na historia yake, kuna ambao wazazi walishafariki na kuna ambao ndugu wapo ila hawawezi kukaa nao, basi wanaishi pamoja, wanapika kwa zamu, wanafagia uwanja, mchana wanasuka mazulia ya mkonge yale ya mlangoni tunauza kidogo. Nawapenda hawa watu, ndo maana nimekuja kuuliza hapa, maana kila ninayemuuliza huku ananijibu hao hawaelewi kitu utajisumbua bure.

Ishu yenyewe ni hivi. Mwezi uliopita mmoja wao amefariki, tumuite S. Alikuwa na kifafa tangu mdogo, akaugua kifua, akapelekwa hospitali usiku na hakurudi. Ndugu zake wakaja wakachukua mwili mochwari moja kwa moja wakaenda kuzika kwao Muheza. Uongozi wa nyumba wakakaa kikao wakaamua wenzake wasiambiwe, wasije wakachachamaa, tukaagizwa tuseme S amesafiri ameenda kwao. Nguo zake zikakusanywa wenyewe wakiwa kwenye mazulia, godoro likaanikwa juani, likarudishwa na shuka nyingine, basi, imeisha hiyo.

Sasa kuna J, huyu alikuwa analala chumba kimoja na S miaka na miaka. Ana Down sindromu, ule ulemavu wa kuzaliwa nao, umri arobaini na kitu, anaongea maneno machache tu. Kila jioni anachukua kikombe cha S anaenda kukaa nacho getini mpaka kiza kinaingia. Chakula anakula nusu, nusu anasogeza pembeni haruhusu mtu aguse. Ukikaa kwenye kitanda cha S anapiga kelele. Ameanza kukojoa kitandani, hakuwa hivyo kabisa. Juzi kamng'ata mlezi mwenzangu alipotaka kumtoa getini kwa nguvu.

Dada mmoja, Z, yeye akisikia gari linasimama anauliza "S?" alafu anacheka, anacheka sana mpaka anashika mbavu, wenzangu wanasema unaona huyu hana habari. Mwingine M, naye ana kifafa, siku hizi anataka apimwe joto kila saa, akikohoa kidogo anashika kifua anakuja mbio.

Tulivyopeleka taarifa jibu likawa J apelekwe akapewe dawa ya kumtuliza. Na mwisho wa mwezi anakuja mkaaji mpya, kapangiwa kitanda cha S.

Nauliza, hawa wanajua au hawajui? Nikiwaambia sasa hivi nimeshachelewa? Mtu ambaye maneno yake unaweza kuyahesabu unamwambiaje habari ya kifo? Na kaburini tuwapeleke au ndo tutawaumiza zaidi? Naomba waliopitia wanisaidie. Na tafadhali humu tusiwaite mazezeta.

Kijana_Makorora

Pole sana dada, kazi yako ni ngumu. Mie kwa maoni yangu waacheni wasahau. Babu yangu uzeeni alikuwa amepoteza kumbukumbu, bibi alipofariki tukawa tunamwambia, kila tukimwambia analia kama ndo anasikia mara ya kwanza, kesho anauliza tena bibi yenu yuko wapi, tunamwambia analia tena. Mwisho tukaona ni kumtesa, tukawa tunasema yupo sokoni anakuja. Na hao naona ni hivyo hivyo, bora wabaki na matumaini.

DadaMtu_Pongwe

Hapana jamani, hapana. Nimesoma nimetetemeka kwa sababu hayo ya getini nimeyaishi.

Kaka yangu mkubwa ana ulemavu wa akili, tumekua naye nyumba moja. Mama yetu alikuwa anauza vitumbua alfajiri na kaka ndo alikuwa anambebea meza. Mama alipofariki wazee wakaamua kaka apelekwe nyumba ya jirani mpaka watu watawanyike, asije akaharibu msiba, ndo maneno yaliyosemwa. Akakaa huko mpaka tumeshazika. Alivyorudi akaambiwa mama amelala kwa Mungu. Unajua kilichofuata? Kila alfajiri anabeba meza anaenda kuipanga palepale barabarani anakaa anasubiri. Mvua inanyesha yeye kakaa. Na usiku halali, tukimlazimisha alale anashika macho yake na vidole yasifumbe, kwa sababu ameambiwa mama AMELALA, na mama hajaamka. Tulikuja kuelewa hilo baadae sana.

Aliyetuokoa ni mjomba wetu, alikuja kutoka Korogwe, akamkuta barabarani na meza, akamshika mkono akampeleka makaburini wawili tu. Akamwambia mama yako amekufa, yupo humu chini, hapumui, hana njaa, hawezi kutoka, tumemzika hapa sisi wenyewe. Kaka akaweka mikono kwenye udongo akauliza "chini?" mjomba akamwambia chini. Akalia mpaka mjomba akakaa chini na yeye. Sio kwamba siku hiyo huzuni iliisha, nisikudanganye, alilia miezi mingi, kuna wakati anavunja vitu, na hata mwaka ulipopita sisi tumeshazoea yeye akawa ndo kwanza analia vizuri. Lakini kusubiri barabarani kuliisha. Meza akaileta ndani mwenyewe.

Kitu kimoja kinaniuma mpaka leo. Pale msibani watu walikuwa wanapita mmoja mmoja wanatupa mkono, pole, pole, poleni. Kaka yangu ambaye ndo alikuwa na mama kila alfajiri ya Mungu, hakuna hata mmoja aliyempa pole. Na wewe dada jiulize hapo kwenu, ndugu wa S walikuja wakazika, sawa ni haki yao na wamefiwa, lakini J aliyelala naye chumba kimoja miaka yote hiyo, anayejua S akianza kutetemeka usiku aite nani, huyu sio mfiwa? Nani kampa pole? Anza na hapo. Kabla hujamueleza chochote kuhusu kifo mpe mkono, mwambie pole J, S hayupo, pole sana.

Kijana_Makorora

Dada Pongwe nimekusoma. Kumbe mie nilichukulia ni sawa na babu. Pole kwa mama.

Nesi_Mstaafu

Poleni wote. Nimefanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili mpaka nimestaafu, ngoja niseme ninayoyajua, itakuwa ndefu mnivumilie.

Kijana hukukosea kumhurumia babu yako, ila ni vitu viwili tofauti. Mzee aliyepoteza kumbukumbu ubongo wake haushiki habari mpya, kwahiyo kila ukimwambia kwake ni msiba mpya. Mwenye ulemavu wa akili wa kuzaliwa sivyo. Wengi kumbukumbu zao za watu na za mazoea ni nzuri tu, anajua nani anakaa wapi, kikombe cha nani kina ufa. Kinachompa shida ni kuunganisha mambo, kwamba aliyekufa harudi tena, kwamba mwili wake haupumui wala hausikii baridi wala maumivu, kwamba kila mtu siku moja atakufa, na kwamba kuna sababu iliyomuua, sio kwamba mtu kakasirika au kafanya kosa. Anaweza akalijua moja hapo akalikosa lingine. Lakini hata ambaye hajui kabisa maana ya kufa, kuondokewa anakujua. J anajua S hayupo, anajua kitanda kimebadilishwa shuka, anajua nyie walezi mnanong'ona na mkimuona mnanyamaza. Asichojua ni kwanini, ndo hiyo inamla.

Kule Uingereza kuna utafiti ulitoka mwaka 1997, wa daktari Sheila Hollins na mwenzake Esterhuyzen. Walichukua watu wazima 50 wenye ulemavu wa akili waliofiwa na mzazi wakawalinganisha na 50 wasiofiwa. Waliofiwa walikuwa na dalili nyingi zaidi za ugonjwa wa akili na mabadiliko makubwa zaidi ya tabia, lakini walezi kwa sehemu kubwa hawakuhusisha yale mabadiliko na msiba, waliona ni ule ulemavu wake tu. Nimekaa kliniki nimeliona hilo kwa macho yangu hapahapa, mtu analetwa "ameanza ukorofi", ukiuliza nyumbani kuna nini kimetokea, wanakwambia hakuna kitu, ukichimba unaambiwa aah bibi yake aliyemlea alifariki mwezi wa tatu lakini yeye hilo halijui.

Sasa nikirudi kwa J, na hapa nisikilize vizuri. Naamini sehemu kubwa ni majonzi, ila usiliachie hapo tu, mpeleke apimwe. Kukojoa kitandani kunaweza kuwa yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, au sukari. Wenye Down sindromu tezi ya shingoni huwasumbua sana, ikifanya kazi chini ya kiwango mtu anasikia baridi, anafunga choo, anakuwa mzito, anaonekana ana huzuni, kipimo chake ni damu tu. Tena kwa umri huo wa arobaini na kuendelea wao wanaweza kuanza ugonjwa wa kusahau mapema kuliko sisi, kwa sababu ile kromosomu ya 21 waliyonayo ya ziada ndo imebeba chembe ya urithi inayotengeneza protini inayojazana ubongoni kwenye Alzheimer. Na maumivu, jino, sikio, mtu asiyesema anang'ata. Nenda na karatasi umeandika nini kilianza lini, kipi kilikuwepo kabla S hajafa na kipi baada. Hiyo karatasi itamsaidia daktari kuliko maelezo ya mdomo.

Dawa ya kutuliza nawaomba msiikimbilie. Klopromazini na wenzake zinamlaza mtu, zinamkakamaza mwili, na kwa mwenye kifafa kama M zinaweza kumsogezea degedege. Zipo hali dawa inatakiwa na daktari atasema, lakini mtu anayekaa getini akimsubiri rafiki yake anaumwa nini cha kutulizwa? Na M dawa zake za kifafa hakikisha anameza na analala vya kutosha, kipindi cha msiba watu hukosa usingizi na dozi zinarukwa, vyote viwili vinaita kifafa.

Mlezi_TGA

Asanteni sana, dada Pongwe nimelia. Mama nesi nimeandika yote, kesho naomba ruhusa nimpeleke J apimwe.

Sasa hapo kwenye kuongea. Sikai mie peke yangu na uamuzi, uongozi bado wanasema atakayewaambia abebe lawama wakichachamaa. Na Z anayecheka nimfanyeje, maana nikimwambia akacheka mbele ya wenzake J atamrukia.

Mngamiani_Leeds

Mie mzaliwa wa Ngamiani hapo Tanga ila nipo Leeds, Uingereza, nafanya kazi nyumba za pamoja kama hiyo yako, za watu wazima wenye ulemavu wa akili. Nakuongezea machache.

Kucheka kwa Z sio kutojali. Nimeona mara nyingi tu, mwingine anacheka, mwingine anarudia "kafa kafa kafa" kama wimbo, mwingine anauliza chakula saa ngapi dakika ileile umemwambia. Wengine sura na sauti haziendani na moyo, na wengine wanacheka wakiogopa. Muangalie mikono yake na usingizi wake, usimuangalie mdomo. Unasema akisikia gari anauliza S, sasa huyo hana habari kivipi? Anaulizia gari lililomchukua.

Kuongea. Yupo profesa London, Irene Tuffrey-Wijne, kazi yake ni hii ya kuwaeleza wenye ulemavu wa akili habari mbaya, na njia yake ndo tunaitumia, kwamba habari nzito usiimwage yote kikao kimoja, vunja vipande vidogo, anza na kile anachokijua tayari, ongeza kimoja, subiri, rudi tena kesho. J anajua nini? Anajua S aliumwa, anajua gari lilikuja usiku. Anzia hapo. "S aliumwa kifua. Gari lilimpeleka hospitali. Madaktari walijaribu. S amekufa." Sentensi fupi fupi. Sema AMEKUFA, usiseme ametutoka, usiseme Mungu kampenda zaidi, dada wa Pongwe kashakwambia neno kulala lilimfanya nini kaka yake. Na ile ya kusafiri muifute kwa mdomo wenu wenyewe, mwambieni hajasafiri, la sivyo atawasubiri wote mnaokwenda likizo kwa hofu.

Picha. Yule daktari Hollins aliyetajwa na mama nesi ndiye aliyeanzisha huku vitabu vya picha tupu visivyo na maneno, unaona mtu anaumwa, anakufa, watu wanazika, mtu analia, mtu anakula tena, mnafungua pamoja na mwenyewe ndo anakusimulia anachoona. Huna haja ya kukinunua. Mna simu? Piga picha geti, piga hospitali kwa nje, omba ndugu wa Muheza wawatumie picha ya kaburi, zisafishe pale kwa mpiga picha, zibandike kwenye daftari pamoja na picha za S akiwa hai. J akitaka kuongea habari za S atakuletea daftari, hahitaji maneno.

Na mkaaji mpya, jamani, hili nalisema kwa uchungu kwa sababu hata huku lipo, chumba kikiwa wazi hela haiingii kwahiyo presha ya kujaza kitanda ni kubwa mno. Lakini mgeni atakayelazwa kwenye kile kitanda na J hajaambiwa kitu, mtakuwa mmemuonea na yeye pia, atapigwa na hajui kosa lake. Mwambieni J anakuja mtu, muonyesheni picha ya huyo mtu, muulizeni alale wapi. Nyumba ni yake.

Kingine ambacho watu hawakihesabu ni walezi. Hapo kwenu walezi wangapi wameshaondoka, kaolewa, kapata kazi Dar, bila hata kuaga? Kila mmoja alikuwa anamuogesha mtu, anamlisha, siku moja hayupo. Hawa watu wamefiwa mara nyingi kuliko tunavyodhani na hawajawahi kukaliwa matanga hata mara moja. Mlezi akitaka kuondoka aage, aache picha, aseme haji tena.

Huku msiba unaweza kukaa hata wiki tatu ndo uzike, mnaenda nusu saa, mnarudi kila mtu kwake. Nyie jirani wapo ukutani hapo. Waiteni.

Abuu_Swahare

Assalaam alaykum. Dada nimefuatilia. Kama marehemu alikuwa Muislamu basi someni hitma hapohapo kwenye nyumba yenu, hata kama Muheza walishasoma, hakuna ubaya dua kuombwa pawili. Tandikeni mikeka, waalikeni majirani, chai na mkate inatosha, na J na Z na M wakae mbele. Hata kama J ni Mkristo akae, kafiwa. Wasomaji waambieni mapema kama mtu anaweza kusimama au kupiga kelele katikati, wasimkaripie.

Watu wanasema hao hawana taklif, hawalazimiki. Kweli kalamu imeinuliwa juu ya asiye na akili timamu, haandikiwi dhambi. Lakini kutoandikiwa dhambi sio kutolewa kwenye jamaa. Mtume (s.a.w) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika na hatusemi ila yanayomridhisha Mola wetu. Kwahiyo yeyote atakayekwambia kulia ni kukosa subira mpe hiyo.

Kuhusu kaburi, wanaume hakuna neno, nendeni. Kwa kina dada kuna wanavyuoni wanaruhusu ziara kwa adabu na kuna wanaokataza, msiingie mabishano, waulizeni ndugu wa marehemu wao wanafuata lipi. Wakikataa Z akae nyumbani kwao marehemu na wanawake wenzake, aone alipokulia S, hiyo nayo ni ziara.

Uongozi mkiona wanasita mniambie inbox, mie nitakuja kuzungumza nao. Na wakumbusheni ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inataka mtu aheshimiwe utu wake na ashirikishwe kwenye jamii, na msiba ni jamii.

DadaMtu_Pongwe

Mzee Abuu Allah akuzidishie. Laiti mngekuwepo siku ya mama.

Dada, nyongeza kuhusu M na kifua. Kaka nae alifanya hivyo, mama alikufa kwa tumbo basi yeye kila akishiba analia anajua anakufa. Mwambie M wazi, S aliumwa ugonjwa mkubwa sana wa kifua, wewe una kikohozi kidogo, sio ugonjwa wa S. Rudia kila akija. Usichoke kurudia. Na akiuliza "na mie nitakufa?" usimwambie hutakufa. Sema siku moja kila mtu, lakini leo upo na sisi, twende tukale.

Mlezi_TGA

Nimerudi kuwapa taarifa, samahanini nilikuwa kimya.

J alipimwa. Alikuwa na yutiai kweli, kapewa dawa na usiku amekuwa mkavu. Majibu ya tezi tumeambiwa tusubiri.

Uongozi, mzee Abuu alikuja, hakugomba na mtu, alikaa akaongea nao taratibu, mwisho wakasema haya, fanyeni lakini muwe wawili. Tukafanya asubuhi baada ya chai, maana jioni ndo saa za geti. Nilianza na J peke yake chumbani, nikampa mkono nikamwambia pole J. Alinitazama sana. Nikamwambia kama mlivyonifundisha, S aliumwa, gari, hospitali, S amekufa, hajasafiri, tulisema amesafiri sio kweli. Hapumui. Haumwi tena. Amezikwa Muheza, harudi. Akasema "basi?" nikamwambia basi. Akaenda akalala kwenye kitanda cha S akajifunika shuka mpaka kichwani mpaka mchana. Sikumtoa.

Jioni alienda getini vilevile na kikombe. Nilivunjika moyo kidogo lakini mwenzangu akasema tumuache, na siku zilizofuata akawa anarudi ndani mapema mapema, sasa kuna siku haendi. Kwenye kitanda cha S hatoki tena, amehamia kabisa, ameleta na mto wake. Kwahiyo mgeni akija atalala kilichokuwa kitanda cha J, na ni J mwenyewe aliyekitandika tulipomuonyesha picha ya mgeni. Uongozi wamekubali kusogeza mbele kidogo tarehe.

Wengine tuliwaambia pamoja. Z alicheka kama kawaida yake. Lakini siku ya hitma mama wa jirani alivyomshika mkono akamwambia pole mwanangu umefiwa, alilia dada yule, sijawahi kumuona analia, tumekaa naye chini jikoni wote wawili na hao kina mama hakuna aliyemwambia nyamaza. M bado anapima joto, ila sasa anajipima anasema mwenyewe "sio ya S".

Daftari tumeanza. Nimegundua hatuna picha nyingi za S peke yake, nyingi yupo nyuma ya wenzake amebeba ndoo.

Ndugu wa Muheza nimewapigia. Kaka yake S aliniambia hakujua kama kuna watu wanamlilia huku, alinyamaza kwenye simu muda. Wametukaribisha Jumamosi, na Z amekubaliwa kufika kaburini, kaka mtu kasema aje tu. Tutakodi Hiace. Naomba mnishauri kuhusu safari, J hapendi makelele ya stendi.

Nesi_Mstaafu

Hongera mwanangu. Stendi ya Kange msiingie kabisa, Hiace iwachukue mlangoni. M ameze dawa yake ya asubuhi na chakula kabla ya kutoka, na ya mchana uibebe wewe, usimpe dereva wala usiweke kwenye begi la nyuma. Maji mengi, kofia, nguo za kubadilisha za J hata kama siku hizi ni mkavu. Ile picha ya kaburi waonyeshe Ijumaa na waonyeshe tena ndani ya gari, ili wakifika wasishtuke kuona udongo tu. Mkubaliane na J alama ya kusema nimechoka tuondoke, akishika kofia kwa mfano, na akiifanya muondoke kweli, hata kama mmekaa dakika tano. Jumapili msimpe mtu kazi nzito. Na ukianza kuona mtu hali kabisa, hanywi, au anajiumiza, usisubiri, rudi kliniki.

Na wewe umelala lini vizuri? Ulimuuguza S na wewe umefiwa, pole sana.

DadaMtu_Pongwe

Muheza mnapita hapa Pongwe. Kama kuna nafasi nichukueni na kaka yangu, nimemwambia kuna watu wanaenda kumuona rafiki yao aliyezikwa, kasema anakuja. Atawasaidia, makaburini hana woga tena. Petroli tutachangia.

Mlezi_TGA

Nafasi zipo mbili. Tutakuwa Pongwe saa mbili na nusu asubuhi inshallah, kaeni upande wa kituo cha mafuta, Hiace ni nyeupe, nitakupigia tukitoka mjini.